Njoo na Futi Kamba ya Babu

Kilwa Masoko,
Jumapili usiku

Somo yangu,

Assalamu aleikum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na watoto na mama. Mimi sijambo, ila miguu imevimba kwa kutembea na shingo imeungua jua. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu swali lako la juzi halijibiki kwa simu. Uliniuliza, "Huko Kilwa kuna nini cha kuona zaidi ya kuta zilizobomoka?" Ukasema unataka kuwaleta watoto likizo ya Desemba, lakini hutaki kulipa nauli za watu wanne waje kutazama mawe. Leo ni siku yangu ya nne hapa. Jibu ninalo, ila ni refu.

Nianze na chumba kimoja. Juzi tulikwenda Songo Mnara, kisiwa kilichoko kusini ya Kilwa Kisiwani, kile kisiwa cha mji mkuu wa kale. Tulifika maji yakiwa yameshaanza kupwa, chombo kikakwama mbali, tukashuka tukavuka tope la mikoko viatu mkononi. Ukitoka kwenye mikoko unatembea kidogo, halafu mji unakutokea mbele ghafla: nyumba za mawe zipatazo arobaini, misikiti, kisima, makaburi katikati ya mji, yote kimya, mizizi ya miti imekumbatia kuta. Mji huu ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na kufikia karne ya 16 ulikuwa umeshahamwa. Niliingia nyumba ya kwanza nikanyoosha mikono kupima upana wa chumba. Pima moja na nusu. Nikaingia ya pili: pima moja na nusu. Ya tatu vivyo hivyo. Urefu wa vyumba unatofautiana, kimoja kirefu, kingine kifupi, lakini upana ni ule ule popote ulipo, kana kwamba mji mzima ulijengwa na mtu mmoja.

Nikamuuliza mzee aliyekuwa akituongoza kwa nini watu matajiri kiasi kile wakae kwenye vyumba vyembamba namna ile. Hakusema kitu kwanza. Akageuka akanyoosha kidole kule tulikotoka, kwenye mikoko. "Boriti," akasema. "Ile ndiyo inayoamua."

Hapo nikamkumbuka babu yako, Mungu amrehemu. Unakumbuka kila akiitwa kujenga alikuwa haulizi kiwanja kikoje? Aliuliza kwanza boriti mlizonunua zina urefu gani. Sisi tulidhani ni mazoea ya uzee. Kumbe ni hesabu ile ile ya Songo Mnara. Boriti ya mkoko ni ngumu, lakini paa la mawe na chokaa ni zito mno, na ukiitandaza boriti zaidi ya karibu mita tatu itapinda. Basi ukuta unafuata boriti, chumba kinafuata ukuta, na mtu anapanga maisha yake humo: wageni wakaribishwe wapi, kitanda kikae wapi, taa iwekwe kidaka gani. Mji wote umekatwa kwa kipimo cha mti unaoota pale pale ufukweni.

Tangu hapo sikuona mawe tena, niliona kazi. Kuta ni za matumbawe magumu ya kuchimbwa ardhini, yakashikwa kwa chokaa. Lakini miimo ya milango, vidaka na mihrabu ni tumbawe jingine, lile la baharini, linalotolewa likiwa bado bichi. Likiwa na maji linachongeka kwa urahisi, likikauka linakuwa jiwe hasa. Maana yake fundi alikuwa na muda mfupi. Alikwenda baharini maji yakiwa yametoka, akakata kipande, akakileta na kukichonga kabla hakijakauka. Nimegusa ukingo wa mlango mmoja ambao mchirizi wake bado umenyooka kama uliochorwa kwa uzi. Na chokaa yenyewe babu yako angekueleza vizuri kuliko mimi: magogo yanapangwa duara, matumbawe juu yake, moto, kisha lile rundo linaachwa linyeshewe miezi mpaka lilainike. Huwezi kuamka asubuhi ukasema leo najenga msikiti. Unaanza mwaka mmoja kabla.

Haya ndiyo yaliyonikera, somo. Tulipokuwa shule tuliambiwa kwa sentensi moja kwamba Waajemi walikuja wakajenga Kilwa, tukaandika kwenye madaftari, tukapita. Na hadithi yenyewe ni tamu, siikatai: Ali bin Hassan wa Shirazi akakinunua kisiwa kwa nguo, nguo za kutandaza kukizunguka kisiwa chote, na mwenye kisiwa akapokea akahamia bara. Ni hadithi ya watu wa Kilwa wenyewe, waliihifadhi katika habari zao za kale, na ina haki yake. Lakini wachimbaji wa mambo ya kale walipoteremka chini ya mawe walikuta kitu kingine. Kuanzia kama karne ya 9 kulikuwa na watu hapa, katika nyumba za miti na udongo, wanavua, wanafua chuma, wanatengeneza shanga za makombe ya baharini. Jiwe lilikuja baadaye, juu ya mji ambao tayari ulikuwa mji. Watu wa pwani waliooana na wageni, waliosilimu, waliofanya biashara na kila aliyeletwa na kaskazi, ndio hao hao walioijua boriti na chokaa. Hilo halimo kwenye ile sentensi moja, na nataka watoto wako walipate mapema kuliko tulivyolipata sisi.

Hata Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuisifu kuwa ni miongoni mwa miji mizuri, aliandika kuwa majengo yake ni ya mbao na mapaa ni ya majani. Wapo wanaodhani alikosea. Mimi naona aliangalia mji mzima. Sisi tunaona mawe kwa sababu mawe ndiyo yaliyobaki.

Yeye ndiye aliyetuachia habari za sultani wa wakati ule, al-Hasan bin Sulaiman, waliyemwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa jinsi alivyokuwa mpaji. Siku moja ya Ijumaa anatoka msikitini, fakiri kutoka Yemen akamsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akasema atampa. "Sasa hivi," akasema fakiri. Sultani akarudi, akaingia chumba cha khatibu, akavaa nguo nyingine, akamtolea zile. Watu wakazidi kumshukuru kwa kuona unyenyekevu ule. Mwanawe akazikomboa nguo kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na baba aliposikia watu wanavyomsifu akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Nilipokuwa mdogo ningeishia kwenye ule ukarimu. Safari hii nilikwama kwenye wale watu ishirini waliotolewa kama vitu, ambao hakuna aliyeandika majina yao. Wasimulie watoto kisa chote, usiwakatie.

Sultani huyo huyo ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, kasri lililoko Kisiwani juu ya jabali la ufukweni, mbali kidogo na mji wenyewe. Vyumba zaidi ya mia, ua wa ngazi, birika la pembe nane, na ngazi za kuteremkia baharini. Nilikaa kwenye ukingo wa birika nikala maembe niliyobeba, upepo unapanda kutoka chini, tanga moja jeupe linapita taratibu kwenye mkondo. Halikumalizwa kasri lile, na halikukaliwa muda mrefu. Al-Hasan alipofariki alitawala nduguye Daud, na Ibn Battuta anasema maskini akija kumwomba alijibiwa kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha cha kutoa. Fedha zake, yule mpaji, ni za shaba, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, maandishi ya upande mmoja yakitiana vina na ya upande wa pili. Moja ilikutwa Zimbabwe Kuu, kule dhahabu ilikokuwa ikitoka kupitia bandari ya Sofala. Na sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa cha kaskazini ya Australia! Nimelala nikiliwaza hilo.

Sasa Msikiti Mkuu wa Kisiwani. Usiuanze huo. Wapeleke watoto Songo Mnara kwanza, wapime vyumba, waione boriti inavyowafunga mafundi, ndipo uwalete hapa. Sehemu ya kaskazini ni ndogo na ya zamani zaidi. Halafu unapita kusini, na mahali panafunguka: safu kwa safu za nguzo, matao, na juu yake makuba na mapaa ya mviringo. Nilitafuta matundu ya boriti ukutani sikuyaona. Hapa hawakutumia boriti! Kuba linajishikilia lenyewe, jiwe linaegemea jiwe, chokaa inafunga. Lile kuba walilojenga karne ya 14 lilianguka. Na hawakurudi kwenye paa la zamani, walilijenga upya karne ya 15, na sehemu ya kazi hiyo ndiyo niliyosimama chini yake leo asubuhi. Kazi iliyowashinda mafundi wa kwanza mbele ya mji mzima, mafundi waliowafuata wakapewa tena. Nilisali rakaa mbili pale, somo, nikawaombea wao na babu yako kwa pamoja.

Nje kuna mahali pa kutawadhia, na mawe ya kusugulia nyayo. Mwanao mdogo atapapenda.

Ngome ya Gereza, ile ya ufukweni, inapigwa picha kuliko zote. Wareno waliuvamia mji mwaka 1505 wakajenga ngome, wakaondoka mwaka 1512. Unachokiona leo kwa sehemu kubwa ni cha Waomani waliokuja baadaye. Mimi niliangalia zaidi chini yake. Bahari imeshakula upande wake mmoja. Ni mmomonyoko huo pamoja na kuta kuoza uliofanya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizotambuliwa na UNESCO mwaka 1981, ziwekwe kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004. Zilitolewa mwaka 2014 baada ya kuta kukarabatiwa na ufukwe kukingwa. Wengi wa walioshika mwiko na karai ni watu wa visiwani wenyewe. Na watu bado wanaishi Kisiwani, usisahau. Mbuzi wanapita kwenye magofu, akina mama wanachota maji, watoto wanacheza mpira. Piga hodi kama unavyopiga kwa jirani.

Watoto wasiokote vigae. Vimejaa ufukweni, vya kijani na vya buluu na nyeupe, vingine vimetoka Uchina. Nilikishika kimoja kizuri mno nikakiona kinatosha mfukoni. Mzee akaniambia kwa upole, "Mama, hicho kikiwa hapa kinasema kitu. Kikifika kwako hakisemi." Nikakirudisha pale pale nilipokitoa.

Kivinje nilikwenda nusu siku tu, na moyo ulikuwa mzito. Ni mji wa karne ya 19, wa misafara na biashara ya watumwa, kisha boma la Wajerumani. Pale Mwembe Kinyonga ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya, kiongozi aliyewapinga, mwaka 1895. Nilisimama, nikasoma Fatiha, nikaondoka. Nadhani mkubwa wako anatosha kwenda, wadogo bado.

Safari yenyewe si ngumu. Pandeni basi Mbagala Rangi Tatu alfajiri, mtavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, na Nangurukuru mtaacha njia ya Lindi mshike ya Masoko. Kibali kinakatwa hapa Masoko kabla ya kupanda chombo, na muongozaji mnapewa hapo hapo. Kisiwani ni karibu, Songo Mnara ni safari ya siku nzima. Muulize nahodha habari za maji kabla hamjapatana bei. Bamvua ikiwakuta mmechelewa kurudi, mtatembea kwenye tope na giza.

Na lile sanduku la vifaa la babu, kama mama bado analo, fungua utoe futi kamba yake ya kitambaa. Mpe mwanao wa kati, yule anayependa kuhesabu. Nami nitakuwa nimerudi, nitaomba ruhusa kazini niungane nanyi. Nataka nimwone akipima kile chumba cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, na nataka tusimwambie kitu mpaka aulize mwenyewe.

Nisalimie mama sana, mwambie shikamoo yake nimeileta na barua hii.

Somo yako