Barua kwa Rehema kuhusu goti lake

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, pamoja na majibu ya eksirei uliyoyanakili. Nianze na maneno yaliyokutia hofu: nafasi ya kiungo imepungua na vinundu vya mfupa vimeota pembeni. Hiyo ndiyo osteoathraitisi, ambayo wengi huita goti kusagika. Lakini picha haipimi maumivu. Wapo wenye picha mbaya kuliko yako na wanatembea vizuri, na wapo ambao picha zao hazionyeshi kitu lakini kushuka ngazi ni mateso. Picha isikuamulie maisha.

Ncha za mifupa ndani ya goti zimefunikwa na gegedu, tabaka laini linaloteleza. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo hupenya gegedu linapobanwa na kuachiwa, yaani unapotembea na kukunja goti. Ndiyo maana siungani na waliokuambia ukae umenyoosha miguu mpaka maumivu yaishe. Goti likilala hukakamaa, na msuli wa mbele ya paja, unaopokea sehemu kubwa ya kishindo cha kila hatua, hunywea. Ukinywea, kiungo kinabeba zaidi na kuuma zaidi, nawe unazidi kukaa.

Basi anza na paja. Kaa kwenye kiti kigumu, nyoosha goti moja mpaka mguu uwe sambamba na sakafu, kaza paja, hesabu mpaka tano, kisha ushushe taratibu. Fanya hivyo mara 10, pumzika dakika moja, urudie mpaka zitimie seti 3 kwa kila mguu. Zoezi la pili ni kuinuka kitini bila kushika popote: vuta nyayo nyuma kidogo ya magoti, inamisha kifua mbele, simama, kisha keti polepole kwa kuhesabu mpaka tatu. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanajitupa kitini, au magoti yanaangukia ndani na kukaribiana. Goti lielekee kilipo kidole cha pili cha mguu. Ukishindwa kuinuka, weka mto mgumu kitini ili kimo kiongezeke, kisha uuondoe nguvu zikija. Fanya mazoezi haya siku 3 kwa wiki zisizofuatana. Siku nyingine tembea kwenye ardhi tambarare.

Goti litauma kidogo, usishtuke. Ukiyapima maumivu kutoka 0 hadi 10, yakifika 4 au 5 wakati wa zoezi si hatari, mradi kesho yake yawe yamerudi yalipokuwa. Yasiporudi, au goti likivimba, punguza idadi ya marudio, usiache kabisa. Na usihukumu mapema: nafuu ya kweli huonekana baada ya wiki 6 hadi 12, na wengi huacha wiki ya tatu wakidai mazoezi hayafai kitu.

Kuhusu uzito sitakuhubiria. Jua tu kwamba kila kilo unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 katika kila hatua.

Fimbo umeishika vibaya, kama ulivyoeleza. Goti linalouma ni la kulia, kwa hiyo fimbo ikae mkono wa kushoto, itangulie pamoja na mguu wa kulia. Simama wima ukiwa umevaa viatu, mikono ikining'inia; kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ngazini, ukipanda tanguliza mguu mzima; ukishuka tanguliza unaouma.

Dawa ninaiweka mwisho kwa makusudi. Ya kwanza kujaribu ni jeli ya kupaka ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe: ile ya asilimia 1, gramu 4 kwa goti, mara 4 kwa siku, bila kufunga bandeji juu yake. Parasetamoli husaidia kidogo tu kwa maradhi haya. Sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, ndani ya kiungo huleta nafuu ya wiki kadhaa, na si ya kuchomwa kila mwezi. Vidonge vya glukosamini ulivyoniuliza, vile virutubisho vinavyouzwa kwa ajili ya viungo, hiyo fedha ningeiweka kwenye viatu vya soli nene inayobonyea.

Kukakamaa kwa asubuhi kunakoisha ndani ya nusu saa ni kawaida ya ugonjwa huu. Kukizidi saa nzima, au viungo vya vidole vya mikono yote miwili vikivimba, mwambie daktari, kwani huenda ni baridi yabisi. Goti likiwa jekundu na la moto huku una homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo moja nalitaka kabla hujanunua ibuprofeni, vidonge vya maumivu. Umesema unatumia vidonge vya presha, hukuvitaja. Ibuprofeni hupandisha presha na huweza kuchubua tumbo. Ikichanganywa na baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kukojoza, huweza kuumiza figo. Niandikie majina yaliyo kwenye pakiti, na umwonyeshe mfamasia pakiti hizo hizo.

Wako,
Zawadi