Binti anayetapika chakula aulizwe, asikaripiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikishie wazazi na walimu wenzangu jambo tunalolipuuza. Binti wa sekondari akianza kukonda na kukimbilia chooni kila baada ya chakula cha mchana, hapa Dar es Salaam hupimwa mimba, kisha vidonda vya tumbo, na majibu yakitoka safi huambiwa anaringa. Makovu madogo kwenye vifundo vya vidole, yanayotokana na meno pale anapojitapisha, huonekana hata anapokabidhi daftari, lakini ni nadra mtu kumuuliza yaliyomsibu.

Uhusiano wa kiwewe cha utotoni, yaani jeraha la nafsi linaloachwa na tukio la kutisha, na matatizo ya ulaji kama haya si jambo la kubuni. Utafiti maarufu wa madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1998, ulitokana na kliniki ya kupunguza unene huko San Diego, ambako Felitti alibaini kwamba wengi walioacha tiba, ingawa walikuwa wakipungua vizuri, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono utotoni. Kwa baadhi yao, unene ulikuwa kinga dhidi ya macho ya watu. Anayeishi na msongo wa baada ya kiwewe hurudiwa na tukio bila hiari yake, usiku na mchana, na mwili wake haushushi tahadhari. Kufakamia chakula humtuliza kwa muda, kutapika humpa nafuu, na kujinyima humfanya ajione ameumiliki tena mwili ulioingiliwa. Kumlazimisha kumaliza sahani mbele ya ndugu kwaweza kumwongezea maumivu.

Si kila mwenye tatizo la ulaji alidhulumiwa, na hilo lisisahauliwe. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 nchini walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hali hiyo, kutouliza ni uzembe.

Tunayo madawati ya jinsia na watoto polisi, na namba 116 ya kuwasaidia watoto. Ninachoomba ni kwamba hospitali zetu zitibu tatizo la ulaji na kiwewe kwa pamoja, na kwamba muuguzi azungumze na mtoto faraghani, aliyemleta akiwa nje, kwa sababu wakati mwingine huyo ndiye anayemtesa.

Mwalimu wa ushauri nasaha,
Temeke, Dar es Salaam