Rama, hela ya betri ishikilie kwanza

Mwanangu Rama, mambo vipi, shem na watoto wazima? Huku Tabata tupo, joto tu ndio linatumaliza.

Voisi yako nimeisikia, nikaona bora nikuandikie maana haya mambo kwa mdomo utasahau nusu. Umesema gari yako, ile Toyota IST, asubuhi ukiiwasha inalia tik tik tik tik alafu taa za dashibodi zinafifia, ukibusti, yaani ukiazima umeme wa betri ya gari ya jirani kwa waya, inawaka fresh, unaenda nayo Posta unarudi, kesho yake yale yale. Na fundi wa hapo kijiweni kashakwambia betri imekufa lete hela. Inawezekana kweli imekufa, ila yeye kajuaje wakati hajapima kitu?

Hiyo tik tik ya harakaharaka maana yake umeme unafika ila hauna nguvu ya kuzungusha stata, ile mota inayoamsha injini. Ingekuwa tik moja nzito alafu kimya, na taa zinabaki kali vilevile, hapo ningesema angalia stata yenyewe. Kwa hiyo sisi tuko kwenye betri, waya zake, au chaji.

Anza na cha bure. Fungua boneti ushike vile vibanio vya waya kwenye vichwa vya betri uvizungushe kwa mkono, kikicheza hata kidogo ushapata mshukiwa. Ukikuta na ule unga mweupe unaoelekea kijani, toa negative (waya mweusi) kwanza ndio positive, mwagia maji ya moto yenye magadi, kausha, sugua na msasa mpaka ing'ae, ukirudisha anza na positive. Alafu fuata ule waya mweusi mpaka unapofungwa kwenye bodi, mafundi wengi hawafiki huko na ndiko kutu inakojificha.

Baada ya hapo ni mita, ile ndogo ya kidijitali, Kariakoo zimejaa na bei yake haikaribii kabisa ya betri. Iweke DC 20. Jioni ukizima gari subiri kama saa moja ndio upime, asubuhi upime tena kabla hujagusa funguo. Volti 12.6 betri imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 hamna kitu humo. Kisha washa, hata kwa kubusti, upime injini ikiunguruma: inatakiwa ije 13.8 mpaka 14.5 hivi. Ikibaki 12 na inazidi kushuka, alteneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, haichaji, na ukinunua betri mpya nayo itakufa vilevile ndani ya muda mfupi. Hapo uangalie mkanda kama umelegea, fyuzi, ndio uje kwenye kaboni za alteneta, ambazo zikiisha zinabadilishwa bila kununua alteneta nzima. Ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi nayo uiangalie, ukiweka switchi on iwake, injini ikiwaka izime.

Sasa kitu kimoja naomba sana. Kuna mafundi wana mtindo wa kuchomoa betri gari ikiwa inaunguruma eti wanapima alteneta. Usikubali kabisa kaka. Umeme unaruka ghafla na unaweza kuondoka na kontrol boksi, ile kompyuta ya gari, wakati mita ingekupa jibu bila hasara.

Mimi lakini nina wasiwasi na ile redio ya skrini uliyofunga juzi, na tracker. Kama chaji iko sawa, jioni namba ni nzuri, asubuhi imeanguka, basi ama betri haishiki au kuna kitu kinakunywa umeme usiku. Kujua ni rahisi, chomoa negative ulale. Asubuhi betri ikiwa bado 12.6, betri nzima, mwizi yuko ndani ya gari, ndio unampelekea fundi rewaya (fundi umeme wa magari) achomoe fyuzi moja moja huku anaangalia mita. Gari ikishazimwa na kutulia inatakiwa itumie umeme chini ya miliampia 50 hivi. Ikianguka ikiwa imechomolewa, haya, yule wa kijiweni alikuwa sahihi, kanunue.

Na usisahau safari zako zenyewe. Posta hadi Kimara usiku, foleni, AC imefunguka, taa zinawaka, redio juu, injini iko sailensa (inaunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta) muda wote, alteneta inazalisha kidogo na vyote hivyo vinakula. Betri iliyokufa asubuhi haiwezi kujaa kwa mwendo huo. Ipeleke ikachajiwe kwa chaja ijae kabisa kabla hujaanza kupima, la sivyo namba zitakudanganya.

Ukibusti tena, waya mweusi wa mwisho funga kwenye chuma cha injini ya gari yako sio kwenye betri, maana betri inatoa gesi na cheche moja inatosha.

Nitumie namba ya jioni, ya asubuhi na ya injini ikiunguruma. Kama mita hujapata Jumamosi nakuja huko, mwambie shem aweke ugali na dagaa.