Kuhusu kile kiwanja cha bondeni

Kinyerezi, Dar es Salaam

Shoga yangu,

Salaam nyingi. Huku wazima, mafua ya vumbi tu kwa huyu wa mwisho. Ile sauti yako ya dakika saba, kwamba mnataka kununua kiwanja huku, nimeisikiliza mara mbili, na picha za kiwanja tumezitazama na shemeji yako. Nimeona nikuandikie kwa kituo, maana kiinua mgongo cha mumeo si hela ya kujibiwa kwa "sawa" na "hongera" za kwenye simu.

Jana jioni nilikwenda kukiona. Dalali hakudanganya: kutoka lami ni dakika kumi kwa bodaboda, na nguzo ya umeme ipo. Alichonyamazia ni kwamba ukisimama chini ya ule mwembe unaoonekana kwenye picha, unausikia Mto Msimbazi. Sasa hivi kiangazi ni kijito tu, watoto wanavuka viatu mkononi. Nikahesabu hatua kutoka ukingoni hadi ule mnyaa wa mpaka: arobaini na moja. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60. Na hatua zangu hazifiki mita, urefu wangu unaujua.

Tena mto wenyewe hautulii mahali pamoja. Vijana wanachimba mchanga humo kutwa, malori yanapakia, na kila masika ukingo unamegeka. Nyumba ya jirani na hapo choo chake kimebaki nusu hewani, matofali yametokeza kama meno. Mama mwenye nyumba alikuwa anaanua nguo, akanikaribisha vizuri tu.

Utasema, mbona wengine wanajenga? Huu mji ulikua kama vidole vya mkono, ukafuata barabara nne: Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa. Katikati ya vidole ndiko kuna mabonde, ya mpunga na mchicha. Mpango mkuu wa mwaka 1979 uliyahesabu mabonde ya Msimbazi kuwa ardhi ya hatari. Lakini sensa ya 1978 ilikuta mkoa mzima una watu wasiofika laki tisa. Ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni 5.3. Wapimaji wangewakimbiza wapi? Ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, kina Mbweni, Bunju na Tuangoma, ulikuwa mzuri, ila sisi wa mshahara mdogo tuliusikia redioni. Waliokosa huko ndio waliojaza mabonde. Kwa hiyo mimi siwacheki. Hata hapa ninapoishi, hati hatuna.

Ila Desemba 2011 unaikumbuka. Zaidi ya watu 40 walikufa kwa mafuriko, wengine wakapelekwa Mabwepande, na wapo waliorudi Jangwani, bonde la chini la huuhuu Msimbazi, kwa sababu kibarua chao kipo Kariakoo na Mabwepande ni safari. Wakubwa nao hawakujifunza: mwendokasi ilipoanza 2016, mabasi yakawekewa depo palepale Jangwani, yakaogelea. Sasa kuna mradi mkubwa wa bonde, fedha za Benki ya Dunia pamoja na Uhispania na Uholanzi, watu wamelipwa fidia wabomoe wahame, na daraja la juu linajengwa. Yaani bonde la chini watu wanalipwa watoke, na wewe unataka kulipa uingie bonde la juu!

Maji tuyaache. Nililotaka kukwambia hasa ni njia. Usinunue kiwanja kabla hujajua gari la choo litapita wapi.

Hapa mtaani tulipohamia, kila mtu alijenga hadi mwisho wa kamba yake. Uchochoro ukabaki wa kupitisha baiskeli na mtu mmoja mwembamba. Gari la kunyonya majitaka likawa haliingii, basi mvua ikinyesha usiku, wenye vyoo vilivyojaa wanavitapisha. Asubuhi unavuka huku umeshika gauni na pua. Ukaja urasimishaji, yaani kupimiwa viwanja ili tupate hati, kila kaya ikachanga shilingi 150,000. Kampuni moja ikaja, ikapima siku tatu, ikavuta kamba, halafu simu ikawa haipatikani. Bikoni nne, yale mawe ya mipaka, hadi leo ziko uvunguni kwa mjumbe.

Kilichotuokoa ni kikoba chetu cha akina mama. Kikwazo kilikuwa ukuta wa mzee mmoja wa kona, aliyeapa hatoi hata inchi. Tukaacha kumsema. Tukamwendea Ijumaa baada ya swala, tukamwambia: baba, ukuta tutakubomolea kwa heshima na kukujengea mpya, wewe tupe mita mbili tu. Akauliza, "Na geti mtaniwekea?" Tukaweka, la bluu, alichagua mwenyewe. Nyumba mbili zilizofuata zikaona aibu, zikasogea. Hivi sasa gari la taka linafika kila Jumamosi, la choo linaingia kinyumenyume, na juzi bajaji ilimchukua mjamzito mlangoni kwake saa nane usiku. Zamani tungembeba kwenye kiti. Zege, nondo na geti, vyote tulimaliza kwa mgawo wa mwaka mmoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyesomea mipango miji.

Kwa hiyo, kwa hela hiyohiyo, chukua nusu ya eneo huku juu. Kuna kipande nyuma ya msikiti, futi 40 kwa 50, na njia ya gari ipo. Mumeo akipanda daladala hadi Kimara, mwendokasi itamfikisha Kariakoo. Kubanana tutabanana, lakini kuku wako nitawavumilia.

Usitume hata senti ya kishika uchumba. Njoo masika, na buti za mvua. Dalali nimeshamwambia tukutane naye palepale chini ya mwembe, siku ya pili ya mvua kubwa. Akitokea, ndipo tuzungumze bei.

Msalimie mama, na asali ya Tabora usiisahau.

Ni mimi shoga yako,
wa geti la bluu, nyumba ya pili