Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Kenya: kuhusu mafunzo ya saikolojia na saikiatria ya jamii

Mheshimiwa Waziri,

Sisi tunaokuandikia ni walimu na watafiti wa saikolojia na saikiatria, yaani tiba ya magonjwa ya akili. Tunakuomba utazame upya jinsi vyuo vyetu vinavyowaandaa wanasaikolojia, wauguzi wa akili na madaktari. Leo mwanafunzi anaweza kuhitimu akiwa hodari wa kumhoji mgonjwa dalili moja baada ya nyingine, lakini asijue kuuliza habari za deni, kodi ya nyumba, shamba lililouzwa au kibanda kilichobomolewa usiku. Mambo hayo ndiyo kiini cha saikiatria ya jamii. Saikolojia ya jamii ya uhakiki nayo huongeza swali jingine: ni nani aliyeamua kwamba hali fulani ni ugonjwa, na alitumia maneno ya nani?

Mfano mkubwa wa somo hili uko hapa hapa nyumbani. Hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910. Kuanzia 1938 hadi 1950 ilisimamiwa na J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni ambaye hakuwa amesomea saikiatria alipokabidhiwa kazi hiyo. Aliandika kwamba Mwafrika anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na kwamba sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ni nadra kwa Waafrika. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikachapisha ripoti yake juu ya Mau Mau, ambayo ilieleza uasi ule kama msukosuko wa akili za watu waliokwama kati ya mila na usasa. Waliokuwa msituni walikuwa wakidai ardhi.

Mwanafunzi akisikia hayo hukasirika, na ana haki. Lakini hasira peke yake haimfunzi utafiti. Kinachofaa kuchambuliwa darasani ni jinsi Carothers alivyofikia hesabu zake. Aliwahesabu waliofikishwa Mathari. Na nani aliyefikishwa Mathari enzi zile? Ni yule aliyezua vurugu sokoni, aliyemshambulia mtu, aliyekamatwa barabarani. Mama aliyejilaza siku nzima, hasemi, hali chakula, moyo umemzama, alibaki nyumbani kwake na hakuna karani aliyemwandika. Kwa hiyo takwimu zile zilionyesha ni nani alisumbua utawala, na zikasomwa kana kwamba zinaonyesha nani ni mgonjwa. Kosa hilo halikuzikwa na ukoloni. Utafiti unaochukua sampuli yake yote kliniki kisha ukatoa hukumu kuhusu kaunti nzima unalirudia vilevile.

Kosa la pili tunaloomba lifundishwe kwa kina ni la hojaji. Tuchukue PHQ-9, inayotumika sana nchini kupima sonona. Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, jumla hufika 27, na kwa kawaida alama 10 ndiyo mpaka wa kumhesabu mtu kuwa huenda ana sonona. Ilitengenezwa Marekani, na mpaka huo ulipatikana kwa wagonjwa wa huko.

Ikifika kwetu, mambo kadhaa huharibika. Chaguo la tatu la majibu hutafsiriwa “zaidi ya nusu ya siku hizo”. Mhojiwa anayesomewa kwa haraka husikia “zaidi ya nusu siku”, akadhani anaulizwa habari za saa, akajibu kwamba huzuni humshika asubuhi tu. Swali la tano linauliza kuhusu kukosa hamu ya kula. Katika nyumba isiyo na unga, mtu hujibu kwamba hali kitu, akapata alama 3, ilhali hamu anayo, chakula ndicho hana. Swali la nane limebeba mawili yanayopingana, kuzubaa na kuhangaika, hata mhojiwa hajui ajibu lipi.

Wengi hudhani tiba ya hayo ni tafsiri-rejea: mmoja anatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine anarudisha kwa Kiingereza, zikilingana kazi imekwisha. Sivyo. Ukiandika “kujisikia chini”, mrejeshaji atakupa Kiingereza kilekile ulichoanza nacho, “feeling down”, neno kwa neno, na karatasi zitalingana kabisa. Ila hakuna mwenyeji wa Lamu wala wa Kisauni anayesema hivyo. Husema moyo mzito, amevunjika moyo, ana mawazo, anafikiri sana. Kadiri tafsiri inavyokuwa mbovu kwa kufuata neno kwa neno, ndivyo inavyoufaulu mtihani huo.

Njia inayofaa huanza kabla ya hojaji yoyote. Mtafiti huwauliza watu 20 hadi 30 wa eneo moja swali moja: “Mtu akielemewa na shida za maisha, hapa mnasema ana nini?” Maneno yao huandikwa kwenye kadi kama yalivyotamkwa. Kundi jingine huzipanga kadi kwa mafungu na kueleza kwa nini hii imewekwa pamoja na ile. Baada ya hapo ndipo maswali hutungwa au kutafsiriwa, na watafsiri wawili wanaofanya kazi bila kuonana, kisha wakapatanishwa na mtu wa tatu. Rasimu husomewa watu wanane hadi kumi na wawili, na kila mmoja huombwa aeleze swali kwa maneno yake mwenyewe. Wawili wakikwama mahali pamoja, swali hilo linaandikwa upya. Mwisho, alama hulinganishwa na mahojiano ya mtaalamu ambaye hakuonyeshwa alama hizo, ili mpaka upatikane papa hapa. Zimbabwe walianzia kwenye neno la Kishona la kufikiri kupita kiasi, kufungisisa, wakapata hojaji yao ya maswali 14. Hiyo ndiyo iliyokuja kutumiwa na akina nyanya wanaosikiliza watu kwenye mabenchi nje ya kliniki za Harare.

Usipofanya hivyo, hesabu yenyewe hukupotosha. Tuseme katika watu 1,000 wenye sonona ni 50. Hojaji inawatambua asilimia 80 ya wagonjwa, na inawaacha salama asilimia 80 ya wazima. Itawashika wagonjwa 40 na wazima 190. Mtafiti asiyejua atatangaza kwamba asilimia 23 ya watu wana sonona, gazeti litaandika, na wizara itapanga dawa kwa watu ambao wengi wao walihitaji kazi, chakula au wakili.

Swali la tisa la PHQ-9, lile la mawazo ya kujidhuru, linahitaji uangalizi wa pekee. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Watu bado wana hofu hiyo, na jibu la “hapana” lisichukuliwe kuwa salama moja kwa moja. Mahali nako kuna uzito: katika nyumba ya mabati ya chumba kimoja, jirani anasikia kila neno. Mahojiano yafanyike zahanati, kanisani au msikitini pasipo na watu, hata kwa kutembea pamoja. Mwanafunzi asitumwe nyanjani bila nambari ya muuguzi wa zamu, barua ya rufaa iliyokwisha kugongwa muhuri, na mwalimu anayepokea simu saa hiyohiyo. Kumuuliza mtu kama anawaza kujiua, kisha kufunga daftari na kuondoka, ni ukatili, hata kama kamati ya maadili imepitisha pendekezo na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ipo mfukoni.

Kuhusu matibabu, tungependa kila mwanafunzi amsome Frantz Fanon, daktari wa akili anayejulikana zaidi kwa maandishi yake dhidi ya ukoloni, kama daktari wa wodi. Alipokuwa katika hospitali ya akili ya Blida, Aljeria, alileta sinema, gazeti la wodi na kazi za mikono. Kwa wanawake wa Kizungu mpango ulifanikiwa, kwa wanaume Waislamu ukashindwa. Hakuwalaumu wagonjwa. Alikiri kwamba alikuwa amewaletea maisha ya watu wengine, akaanzisha mkahawa wa kienyeji, akaadhimisha sikukuu zao, akamwalika msimulizi wa hadithi. Anayekijua kijiwe cha kahawa cha Mombasa hahitaji kuelezwa kwa nini hilo lilisaidia.

Mheshimiwa, ombi letu ni kozi moja ya lazima ya saa 45 katika shahada za saikolojia, uuguzi na udaktari: saa 12 za historia na nadharia, 15 za kutengeneza na kupima hojaji, 18 nyanjani chini ya msimamizi. Saa za nyanjani zisipunguzwe hata nafasi ikibana. Tunajua ndizo ghali, kwa nauli na kwa muda wa walimu, na ndizo hukatwa kwanza. Kabla matokeo hayajaandikwa kwa jarida, yarudishwe barazani kwa waliohojiwa, kwa lugha yao, wayapinge wakitaka.

Tena, tasnifu ziruhusiwe kubeba maneno ya wahojiwa kwa Kiswahili au lugha waliyoisema, na tafsiri ifuate chini yake. Sasa mtahini mara nyingi husoma Kiingereza tu, na hana njia ya kujua kama “ana mawazo” imegeuzwa kuwa wasiwasi, huzuni au ugonjwa. Badiliko hilo halihitaji bajeti. Linahitaji waraka mmoja kwa vyuo, na tunaomba utolewe kabla ya mwaka ujao wa masomo kuanza.

Wako kwa heshima,
Walimu na watafiti wa saikolojia na saikiatria