Salamu za Shukrani: Mlitubebea Imani Yetu

Bwana Yesu asifiwe.

Familia yetu inamshukuru Mwenyezi Mungu aliyemrejesha mama wa watoto wetu nyumbani akiwa hai, pamoja na binti aliyemzaa. Wengi mliuliza ilikuwaje, na siku zile hatukuwa na nguvu ya kumjibu mtu. Mwenyewe ameridhia tuseme, nasi tunasema.

Mtoto alizaliwa salama, akalia, tukashangilia. Muda si muda mama akaanza kuvuja damu. Mji wa mimba ulikataa kujikaza, na baadaye tulielezwa kwamba hicho ndicho chanzo kikubwa cha akina mama kuvuja damu baada ya kujifungua. Akachomwa sindano za kuukaza, damu ikaendelea. Akakimbizwa chumba cha upasuaji. Daktari akatoka na karatasi, akauliza ni nani atatia saini kizazi kiondolewe. Nilitia saini mimi mumewe. Tena damu yake ni kundi O hasi: yeye anaweza kumpa karibu kila mtu, ila akiishiwa yeye, hutafutiwa O hasi mwenziwe. Benki ya damu ilikuwa na akiba ndogo mno.

Tunasikia ikisemwa kwamba usiku ule tulisimama imara katika imani. Jamani, hapana. Baba mkwe, mzee wa kanisa wa miaka mingi, alifungua Biblia akashindwa kusoma. Zaburi ya 46 niliikariri tangu shule ya Jumapili, lakini nilipofika “Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu” ulimi ukagoma. Kilichonitoka ni kile kilio cha baba katika Marko 9: “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu.” Na kwa ndugu aliyetuambia pale kwenye korido kwamba hofu ni dhambi, tumekusamehe, ila rudia Marko 4. Wanafunzi walimwamsha Yesu wakipiga kelele kwamba wanaangamia. Aliukemea upepo kwanza, bahari ikatulia, ndipo akawauliza kwa nini wamekuwa waoga.

Mtu mmoja tu kati yetu aliweza kuomba kwa sauti, naye ni mama mkwe. Aliomba maneno ya wale vijana watatu mbele ya tanuru la moto: Bwana, mponye mwanangu, bali kama si hivyo, hatukuachi. Sikuipenda sala ile. Nilitaka aombe uponyaji na kuishia hapo. Leo naona ndiyo sala iliyotushika, kwa sababu haikumwekea Mungu masharti.

Ombi la damu lilipotoka kwenye kundi la jumuiya, usiku wa manane, tulidhani litasomwa asubuhi. Wa kwanza alifika kabla hatujamaliza kuwapigia ndugu. Mkaendelea kuja, hata ambao kundi la damu yenu halikufaa, mkachangia kwa ajili ya wagonjwa wengine. Tangu hapo tunasoma Marko 2 kwa macho mengine. Yule mwenye kupooza alibebwa na watu wanne, wakatoboa dari, na Injili inasema Yesu “alipoiona imani yao”. Yao! Sisi tulikuwa tumelala kitandani, ninyi ndio mliotoboa dari.

Kijana wetu wa kwaya mwenye O hasi: ulitoa damu, ukakataa kurudi kwenu hadi uliposikia ametoka chumba cha upasuaji. Hatuna cha kukulipa. Muuguzi wa zamu ya usiku, wewe uliyekuwa ukitoka kutuambia neno moja tu, “anapumua”, kila ulipopata upenyo: hujui neno lile lilitufanya nini. Na jirani yetu Mwislamu, dada yetu, uliyewachukua watoto wakubwa bila kuombwa, ukawaogesha, ukawapeleka shule, ukatuombea dua kwa Mola wako: Mungu akufungulie milango.

Tunawashukuru pia madaktari na wauguzi wote, wataalamu wa maabara na benki ya damu, mchungaji na baraza la wazee, umoja wa wanawake, vijana, wanakwaya, jumuiya, wafanyakazi wenzetu, walimu wa watoto, shangazi, wajomba, mawifi na mashemeji, mliochanga, mliopika, mliotoa usafiri, mliofunga na kuomba, na mliotuma ujumbe tusioujibu hadi leo.

Kizazi kiliondolewa. Tunashukuru na bado tunalia, vyote kwa pamoja. Msituhimize tuchague kimoja. Kuna familia tuliyokuwa nayo kwenye benchi lile lile, iliomba kama sisi, ikarudi bila mgonjwa wao. Tafadhali waombeeni.

Sasa msamaha. Daftari la michango lilibadilisha mikono mara nyingi, na baadhi ya majina hayasomeki. Wapo waliotoa damu wakaondoka bila kutuaga, wapo tuliowapita kwenye korido kama hatuwafahamu. Hatukuwadharau, tulikuwa hatuoni. Tunaomba radhi sana, na usipojikuta popote katika maneno haya, tafadhali tupigie ili nasi tukushukuru kwa jina lako. Mama bado hana nguvu, kwa hiyo wageni tutawapokea taratibu, jioni, wachache wachache. Ibada ya shukrani itatangazwa kanisani.

Hata sasa Bwana ametusaidia (1 Samweli 7:12).

Ni mimi baba wa watoto, kwa niaba ya familia.