Mla mkate naye atajwe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Kuna ujumbe unazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, hata kwenye mahubiri nimeusikia, kwamba neno la Kiingereza "Lord" asili yake ni mlinzi wa mikate na "Lady" ni mkandaji wa unga, basi watu wanachota hapo somo la uongozi, kwamba kiongozi ni yule anayelinda chakula cha watu wake. Asili hiyo ni kweli kabisa, sibishi. Waingereza wa kale walisema hlafweard, hlaf ni mkate na weard ni mlinzi, na mwanamke wakamwita hlæfdige, matamshi yakaendelea kufupishwa mpaka tukapata haya ya leo. Lakini kulikuwa na neno la tatu la ukoo huohuo na hilo simwoni mtu akilifowadi: hlafæta. Mla mkate. Yaani mtu anayeishi kwa mwingine na kula kwake, mtumishi, tegemezi.

Neno hili limo kwenye sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, aliyefariki mwaka 616. Ndo sheria za zamani kuliko zote zilizoandikwa kwa Kiingereza, na zimetufikia kwa nakala moja tu iliyoandikwa Rochester, mji wa hukohuko Kent, miaka ya 1120 hivi. Karibu zote ni orodha ya fidia, ukifanya hili lipa kiasi hiki. Kifungu chenyewe kifupi sana: mtu akimuua mla mkate wa ceorl, alipe shilingi 6. Ceorl alikuwa mtu huru wa kawaida tu, sio mtukufu.

Sasa ukisoma na vifungu vingine ndo unaelewa hizo 6 ni nini, maana kumuua mtu huru fidia yake ilikuwa shilingi 100, kumtoa mtu jicho 50, na meno manne ya mbele kila moja 6. Jino moja! Kuna wataalamu wanaoeleza kwamba hizo 6 hazikuwa bei ya uhai, zilikuwa haki ya bwana, kwa sababu kuvunja ulinzi ambao ceorl aliwapa watu wa nyumbani kwake nako kulilipwa shilingi 6, yaani aliyehesabiwa kukosewa ni mwenye nyumba. Nakubali, lakini hapo ndo panaponiuma zaidi, mtu ameuawa na kifungu hakimtaji mama yake wala mtoto wake, kinamtaja aliyekuwa anamlisha. (Na hiyo scilling yao ndiyo iliyokuja kuwa shilingi yetu hii tunayohesabu kila siku.)

Tazama pia hayo majina yalivyogawana sifa. Bwana kapewa kulinda, bibi kapewa kukanda, mtumishi yeye kapewa kula tu, kana kwamba kutwa nzima kazi yake ilikuwa kutafuna. Unga ulisagwa na nani? Sheria hizohizo zinamtaja mtumwa wa kike wa mfalme, msagaji, kwenye kifungu cha fidia anayotozwa mwanaume aliyelala naye, shilingi 25, nusu ya ile ya msichana wa mfalme wa daraja la juu. Kwa hiyo jasho la huo mkate lilikuwepo, ila halikuingia kwenye jina.

Na sisi tunayo hiyo tabia mhariri, tusijifiche. Dada wa kazi anaamka saa kumi na moja alfajiri, anachemsha chai, anaogesha watoto, anafua, analala wa mwisho, halafu akiuliza mshahara anaambiwa si unakula na kulala hapa bure? Bure gani wakati ugali huo kausonga yeye? Nimeshasikia maneno hayo kwa watu wasomi, watu wa dini, tena wanayasema bila haya mbele ya wageni.

Ombi langu ni kwenu mnaosimamia ukurasa wa lugha, na kwa wahubiri wetu pia, mkitaja tena asili ya Lord msiishie kwa mlinzi wa mikate. Wekeni na hlafæta hapohapo pembeni, na fidia yake, wasomaji wapime wenyewe huo ulinzi ulikuwa wa namna gani kwa aliyelindwa.

Msomaji wenu,
Morogoro